Usiseme na Mjumbe Peke Yako

4 Mei
Mama mpenzi,
Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuuma na majirani hawajakumaliza kwa kelele. Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Barua hii nampa shemeji dereva mkononi, sipitishi posta. Ukiisha kuisoma, itie jikoni iungue.

Ofisi yetu ni ya majeshi mawili, letu na la washirika. Kila meza ina viti viwili. Hata kabati la mihuri lina kufuli mbili, kila upande na ufunguo wake. Jana alikuja mjumbe wa maadui, kitambaa cheupe amekifunga kwenye mpini wa fagio. Amri ni kwamba hakuna kusema naye mpaka kanali wetu na kapteni wao wawepo wote wawili. Kapteni alikuwa bado ananyoa ndevu, nikaachwa namlinda mjumbe kwenye benchi.

Akanisalimu. Mama, kwa ulivyonilea, ningemnyamazia mtu aliyenizidi umri? Nikaitikia. Akauliza ya nyumbani, nami nikauliza ya kwao, mwisho nikamuuliza habari za kaka Mrefu, waliyemteka. Akasema mateka waliokamatwa darajani wako hai, na mmoja wao hulala miguu ikiwa nje ya mlango. Nikacheka. Hapo hapo kapteni akaingia, povu bado sikioni, akaniuliza tumepatana nini.

Mjumbe alileta neno kwamba wako tayari kuweka silaha chini kwa sharti moja: maofisa wao waachwe warudi kwa familia zao. Akajibiwa wasalimu amri bila sharti lolote. Ameambiwa arudi na jibu.

Kitinda mimba wako

9 Mei
Mwanangu,
Marahaba. Mguu ni ule ule, tumeshazoeana. Wewe unakula? Kwanza nililia kwa furaha kwamba Mrefu yu hai, kisha nikakasirika. Sharti moja tu, na mwanangu arudi! Hao wakubwa wako wanataka nini zaidi, wapigiwe magoti? Muulize kanali. Si wewe ndiye msomi wetu?

Mama yako

13 Mei
Mama,
Shikamoo. Pole na mguu. Nakula, ila kidogo.

Nilimuuliza kanali. Alifunga dirisha kwanza. "Tukikubali sharti moja," akasema, "kesho adui atampelekea mwenzetu jingine tamu zaidi, na sisi tutabaki vitani peke yetu. Pasipo masharti hakuna cha kunong'ona."

Unakumbuka baba na ami walivyokuwa wanauza nyumba ya babu? Waliapa bei ni moja, haishuki, na hakuna kuongea na mnunuzi peke yako. Tukadhani wanamkomoa mnunuzi, kumbe kila mmoja anamwogopa ndugu yake. Ndivyo ilivyo hapa.

Sasa kila asubuhi kapteni ananiuliza kanali alimwambia nini mjumbe. Jioni kanali ananiuliza yale yale kuhusu kapteni. Nikiinuka kwenda msalani, nasikia viti viwili vinasogea.

Kitinda mimba wako

17 Mei
Mwanangu,
Marahaba. Usiache kula.

Nyumba ile naikumbuka. Paa liliporomoka kabla haijauzwa. Sasa Mrefu naye aporomoke? Mjumbe akirudi utakaa naye tena kwenye benchi. Mwambie wasalimu tu bila sharti, na wakishasalimu, kanali wako si mtu wa kuua maofisa. Hilo si sharti, ni neno la kumtoa mtu hofu. Mjumbe hauawi, sembuse anayemwitikia salamu.

Mama yako

21 Mei
Mama,
Shikamoo. Mguu vipi?

Nimesema. Mjumbe alirudi, na kapteni alichelewa tena. Mjumbe akanitazama sana, akaniuliza, "Hayo ni maneno ya kanali?" Nilitaka kumwambia ni ya mama yangu. Nikanyamaza, naye akakichukua kimya changu akaondoka nacho. Mama, nimewapa sharti, tena kwa jina la upande mmoja. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Kitinda mimba wako

6 Juni
Mwanangu,
U mzima? Ulinikataza kuandika, nimeshindwa.

Maadui wameweka silaha chini. Mrefu amefika juzi, amekonda, anakula akiwa amesimama. Anasema walinzi wao walikuwa wakiambiana kwamba maofisa wameahidiwa usalama. Maofisa hao sasa wamefungwa, na kutwa wanaidai ahadi yao kwa sauti.

Leo wamekuja watu wawili, mmoja wa jeshi letu, mmoja wa washirika. Wa kwetu aliomba maji, nikampeleka uani, mwenzake akatufuata mpaka kwenye mtungi. Wanauliza swali moja tu: nani alikutuma useme yale? Nikawaambia ni mimi, mama yake, na nikayarudia maneno yote kama nilivyokuandikia. Wakacheka kwa adabu. Kisha kila mmoja, kwenye karatasi yake, akaandika jina la kanali.

Shemeji anasema kiti chako kinakaliwa na mtu mwingine, na hakuna anayekubali kuulizwa juu yako. Niandikie, mwanangu. Hata salamu peke yake.

Mama yako