Sponji Linalogoma Kuwaka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unalala vizuri. Huku sote wazima, ila kaka amenichosha mpaka basi.

Yule bwana afya aliyekusanya vumbi kwenye karakana yetu ya makochi alirudi na majibu. Alisema sponji kuukuu tunalotoa kwenye viti vya ofisi limetiwa kemikali za kuzuia moto, na likichakaa kemikali hizo hutoka zikakaa kwenye vumbi: sakafuni, mikononi, hata kwenye nguo tunazorudi nazo nyumbani. Alitaka tufute kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kavu, na tunawe kabla ya kula. Basi! Kaka akamjibu kwamba vumbi hilo amelila miaka yote na bado anabeba kochi peke yake. Kesho yake akafagia kavu, wingu zima likatua kwenye chai yangu. Nikamwambia ainywe yeye. Akainywa! Hivi Baba, huyu mtu ulimlea vipi?

Kilichonikata maini lakini ni kiberiti. Ulitufundisha kukata kipande cha sponji hilo kuukuu na kukichoma: kinachowaka upesi kiende kwa wateja, kinachogoma kuwaka ndicho bora, kiwekwe kando kwa ajili ya nyumbani. Bwana afya alipoliona rundo la kando aliuliza linakwenda wapi. Kaka akajibu, kifua mbele, kwamba hilo ni la watoto. Yule bwana akavua miwani.

Mke wangu alinikataza kukuandikia hili. Godoro ulilomshonea mjukuu wako limejaa sponji hilo hilo. Pembeni lilishaanza kumeguka, na mtoto hutambaa juu yake akinyonya vidole. Nimelitoa. Daktari anasema mtoto haumwi, ila ya mbele hawezi kuniahidi. Nina hasira, Baba, na sijui nimkasirikie nani, maana wewe ulituchagulia kilicho bora.

Mama ameniambia umeanza kumshonea jingine mtoto wa dada. Nakuomba, weka sindano chini. Ukiona vibaya kumweleza dada, nitamweleza mimi.

Msalimie sana Mama. Mjukuu wako anakusalimu. Tunamlaza kwenye blanketi zilizokunjwa, naye anatuamsha akililia godoro la babu.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba