Mlinzi Haoni Vyumba vya Ndani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa miezi miwili bila kukuandikia. Kila nikishika kalamu, mjukuu wako anaitaka yeye. Mgongo umepoa? Sisi wazima, ila mtoto anaota meno nami usingizi nausikia kwa wenzangu.

Kazini kumenielemea. Ile programu ya mafaili ya wagonjwa hapa hospitalini niliagizwa niifanye iandike yenyewe jina la kila anayefungua faili, bila mimi kurudia maagizo yale yale kila sehemu ya programu. Njia ni mbili. Unaweza kuusuka uandikaji ndani ya programu inapojengwa, kama ukindu wa rangi kwenye mkeka. Ni kazi ya wiki kadhaa, lakini hakiponyoki kitu. Au unaweka mlinzi, yaani kiprogramu kidogo, nje ya kila sehemu, aandike anayeingia. Siku mbili umemaliza. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Haraka, alitaka ya siku mbili, nami nilikuwa na mtoto mwenye homa. Nikaweka mlinzi.

Mwezi uliopita mgonjwa alivimba mwili baada ya sindano. Muuguzi aliyemchoma alisema alisoma faili kwanza, na halikutaja dawa inayomdhuru. Kumbukumbu alizoandika mlinzi wangu zikaonyesha hakulifungua. Amesimamishwa, na Alhamisi kikao kinamfukuza. Alipojitetea, Bwana Haraka alimjibu kwamba mashine haina ndugu wa kumpendelea.

Nikachunguza. Muuguzi alilisoma kweli, ila kupitia ukurasa wa dharura, na ukurasa huo hulifungua faili kwa ndani, mlinzi asikofika. Nilipomweleza Bwana Haraka, alisema nirekebishe kimya kimya, nimfikirie mwanangu, na kwamba neno langu tupu halitamwokoa mtu. Nimeshasuka upya. Lakini kusuka leo hakurudishi ya mwezi uliopita.

Sasa mama, nikuambie nisilomwambia yeyote. Nilijua. Nilipokuwa kwako uzazini nililinganisha njia zote mbili kwenye daftari, na chini ya mlinzi nikaandika, pamoja na tarehe, kwamba vyumba vya ndani haoni. Daftari hilo litamsafisha muuguzi na kunimaliza mimi. Sina ujanja mwingine. Usinishauri ningoje.

Nisalimie baba na shangazi.

Mimi mwanao,
Kitinda mimba wako

Nitumie kabla ya Alhamisi: chuchu mbili za chupa, sweta la kijani la mtoto, nepi za kitambaa zote, maana za dukani huenda nisiziweze tena, na daftari la jalada la njano, limo kwenye sanduku la nguo za uzazi. Usichane hata ukurasa mmoja kwa kunihurumia.