Mama Mkwe Ndani ya Gari la Amonia

Shoga, kaa chini kwanza. Kaka kaaibika leo, wifi kanipigia sasa hivi anacheka mpaka analia.

Si unalijua lile gari lake, alilolibadilisha injini litumie amonia? Leo kampakia wifi pamoja na mama mkwe wake, mama kamkalisha nyuma karibu na tangi. Njia nzima anajigamba: "Mama, hili halitoi kaboni hata chembe. Petroli kwangu basi."

Kufika kwenye taa nyekundu, gari zima likanuka mkojo. MKOJO, shoga. Kama choo cha stendi.

Kaka akajua papo hapo kuwa ni amonia, ndiyo inayonuka hivyo, mpira wa tangi unavuja, na ni sumu. Unadhani alisema? Alishusha vioo kimya kimya, akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama mama yake. Yaani kamwachia mama wa watu msala wa harufu ile.

Mara macho yakaanza kuwachoma. Wakashuka wote katikati ya barabara, wanakohoa, nyuma honi tupu.

Mama mkwe akajifuta machozi taratibu, akasema: "Mwanangu, mimi mkojo nimeubana tangu nyumbani. Gari lako ndilo lililoshindwa."