Nguzo za Mringaringa

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
21 Machi 1955

Mpendwa Kaka Isidori,

Shikamoo. Naamini mguu wa shemeji Klara umepona, na kifua cha Mama kimetulia kidogo. Hapa tu wazima, isipokuwa nina hasira nawe, kwa hiyo naomba radhi kabla sijaanza.

Kama nilivyokwisha kukuandikia, ukuta wa chumba cha uani ulianguka, kile tunachomjengea Mama aje kukimbia baridi ya huko. Jumapili ya wiki mbili zilizopita tulitoka kanisani tukaukuta umelala kwa jirani yetu Bi Zena, juu ya mafiga yake, wali wake ukiwa chini. Mpaka leo mke wangu Severa ndiye anayempikia.

Nilikueleza tangu mwaka jana kwamba hapa watu hujengea boriti za mikoko kutoka Rufiji. Hazina sura, lakini mchwa hawazitaki. Ukanijibu kwamba mwana wa ukoo wetu hajengi nyumba isiyo na mti wa kihamba, shamba la urithi la baba yake. Ukaukata mringaringa alioupanda Baba, ukapakia nguzo sita kwenye lori la kahawa. Ningefanya nini, nizirudishe huko mlimani Kilema?

Fundi wangu, Mzee Kondo, mzaliwa wa hapa hapa, alizigonga kwa mgongo wa shoka akaguna. "Bwana Tarsis, udongo huu una wenyewe, na wenyewe wana njaa. Mti huu tuuweke juu, tusiuzike." Nikamwambia afukie. Ni mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu yako. Wiki sita tu, Kaka. Juu nguzo zilikuwa nzima. Chini, ukizibonyeza kwa kidole unabaki na unga.

Sasa unaniandikia eti fundi ni mwongo, alifunga fito ovyo, na nguzo nyingine nne zinasubiri lori. Jamani, Kaka. Mchwa wa Kariakoo hawaujui ukoo wetu. Hizo nne zipasue kuni.

Jumatatu iliyopita nilinunua mikoko, na ukuta umesimama tena, lakini udongo bado mbichi na masika yamekwisha kubisha hodi. Mama akilala humo sasa, kifua kile hakitamwacha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nakusihi, mzuie wiki mbili, hata akinuna. Pasaka atakula hapa.

Wala usimwambie habari za nguzo. Mama alikuwepo Baba alipoupanda mti ule. Vipande vya juu vilivyosalimika Mzee Kondo amevichonga fremu ya mlango, akaisimamisha juu ya kizingiti cha saruji, mbali na udongo. Mama akiuliza mringaringa uko wapi, nitamshikisha pale. Kinachoibeba nyumba ni mikoko, na hilo tutalijua wewe na mimi.

Msalimie shemeji, na shangazi Angelina. Mungu awafunike nyote, na mvua aizuie kidogo.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Tarsis