Wili ya Kivuva

Ndila, nimefanya kitu mbaya.

Unajua ile mountain bike ya marehemu kaka yangu Kivuva? Nilitaka kuanza kuenda nayo kazi. Nikaiacha hapa nyumbani Kilungu, nikabeba wili ya nyuma pekee, ilikuwa imepinda, hadi Emali kununua ingine. Nilipima saizi ya tairi tu. Ekseli, ile chuma ya katikati, sikupima.

Fundi akauliza, "Hii ya zamani unarudi nayo?" Nikamwambia aivunje atoe spoki. Mimi mwenyewe, Ndila. Nilimwambia aivunje.

Sasa ekseli mpya ni nene, imekataa kuingia kwa fremu.

Mama hajanigombeza. Ameizungusha hiyo mpya, ikanyamaza tu. Akasema, "Ile ya zamani ilikuwa inalia tik tik tik huko juu kwa mlima, najua Kivuva amefika, naweka chai."

Bado anaizungusha.