Miguu Iliyolipiwa Ng'ombe

Jumapili, Bariadi. Jua kali, vumbi la malori ya pamba limeingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai, na viwiko vinawaka moto. Nitaeleza.

Jana binti yangu Kabula alishinda mbio za baiskeli za wasichana. Tangu kampuni binafsi za pamba zianze kugombania wakulima, kila moja inaleta mashindano yake ili ipendwe, na safari hii mshindi kapewa baiskeli mpya. Nililia mbele za watu. Wala sioni aibu.

Leo baada ya kanisa majirani wakaja kumpongeza. Redio ikawa inasema wataalamu wa nje wanatafuta namna ya kubadilisha vinasaba kwa sindano, ili mwanariadha apate nguvu ambazo hakuzaliwa nazo. Watu wakaguna. Baba mkwe wangu, bingwa wa baiskeli enzi zake, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mimi kazi hiyo nilishaifanya bila sindano!"

Akasimulia alivyotuma watu Lalago kumtafutia mwanawe mke mwenye miguu mirefu, wakaniona mimi kisimani, naye akatoa ng'ombe wengi ili apate wajukuu wenye mbio. "Huyu Kabula," akasema, "nilimpanga mwenyewe."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa mazoea.

Kabula hakucheka. "Kumbe ushindi ni wa ng'ombe, si wangu," aliniambia kwa sauti ya chini. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akasema mbio za mkoa zinazofuata haendi.

Jamani, iliniuma. Mtoto anaamka alfajiri, anapanda kile kilima mpaka anatapika! Mzee hana ubaya, anampenda mjukuu wake kupita kiasi, na furaha ilimzidi. Lakini hiyo sindano ikifika kweli, mtoto aliyechomwa kabla hajajua hata kutembea, siku akishinda atashangilia nini? Na akitaka kuwa fundi cherehani, je?

Ningemwambia mzee hayo yote. Ila kwetu mkamwana hajibizani na baba mkwe, tena mbele za watu. Ndiyo maana nayamwaga hapa.

Nilikaza kanga, nikaichukua ile baiskeli, nikapanda.

Mtu mzima mimi, sijawahi kuendesha baiskeli maishani. Nilikwenda kidogo, nikayumba, nikaingia mzima mzima kwenye pamba iliyoanikwa uani.

Mzee akaitazama miguu yangu kama ndiyo kwanza anaiona.

Kisha Kabula akaangua kicheko. Loo, nilivyokisubiri kicheko hicho! Akanitoa pamba kichwani, akashika kiti cha baiskeli. "Mama, usiangalie tairi, tazama mbele." Akanisukuma mpaka barabarani, ananifokea kama kocha, na mara mbili nikaanguka tena.

Tuliporudi, mzee alikuwa anatungoja na kopo la grisi. Mimi hakunisemesha. Alichuchumaa kwa shida, goti lake bovu, akaanza kupaka mnyororo.

"Kabula," akasema, "kile kilima unakipandaje? Mimi enzi zangu nilikuwa nashuka nasukuma."

Kabula akafuta vumbi kwenye kiti cha baiskeli.

"Guku," akamwita babu yake, "njoo kesho alfajiri uone mwenyewe."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupaka.

Na mimi kesho naamka. Viwiko vinauma, lakini naamka.