Niiondoe Kutu Kwenye Bastola ya Mume Wangu, au Niiache?

Shangazi Verna mpendwa,

Nimekusoma gazetini kila Alhamisi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sikudhani siku moja ningekuandikia, maana mimi si mtu wa kutoa ya nyumbani nje, lakini leo naomba unishike mkono, jambo lenyewe limenikaa kooni kama mwiba wa samaki na hakuna hata mmoja hapa ninayeweza kumwambia, na tafadhali usicheke ukiona ninachokuuliza ni habari za kutu.

Mume wangu anaitwa Ovide. Maisha yake yote ya kazi alikuwa askari wa wanyamapori kwenye kinamasi hiki chetu, akiwafukuza majangili wa mamba kwa mashua, na tangu walipompa kazi ile hajawahi kutoka mlangoni bila bastola yake kiunoni, akienda kwa kinyozi anayo, akienda kunywa kahawa dukani anayo, hata kwenye arusi ya binti yetu alikuwa nayo chini ya koti. Ni bastola ya kizamani, ile ya gurudumu la risasi, na chuma chake kilipikwa dawa huko kiwandani kikatoka cheusi chenye ubuluu ndani yake, kama bawa la kunguru likipigwa na jua, na alivyokuwa akiipenda, shangazi! Kila jioni kabla ya chakula alikaa barazani akaifuta kwa kipande cha fulana chenye mafuta, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso, kwa sababu huku kusini mwa Louisiana wewe mwenyewe unapajua, hewa ni maji matupu, jasho la kiunoni halikauki mpaka karibu Krismasi, na chuma usichokifuta leo, kesho kimeota kutu.

Sasa mwaka huu Ovide ameanza kwenda mahali nisikoweza kumfuata. Anakaa palepale barazani akitazama ukungu juu ya mfereji, anaongea na wenzake waliokufa zamani, tena kwa furaha, anawauliza kama maji yamepanda kule juu na kama korongo wamerudi, na mimi nikimletea kahawa ananipokea kwa adabu nyingi, ananiambia, "Asante sana, mama. Na wewe unakaa upande gani?" Namwambia, "Nakaa hapahapa, mzee." Anasema, "Pazuri hapa." Kisha tunakaa. Nitakudanganya nikisema siku zote hizo ni mbaya, nyingine ni kama usingizi wa mchana mvua ikinyesha juu ya bati, hutaki mtu akuamshe, na labda ndiyo maana nilichelewa kuona.

Kwa maana sikujua kwamba mkono wake nao umesahau. Kila jioni bado alikaa pale, bastola mapajani, kitambaa mkononi, mkono ukienda na kurudi vilevile kama zamani, lakini mafuta hakutia, na siku nyingine nilipochungulia dirishani nilimwona anafuta goti lake. Halafu anairudisha kwenye ala ya ngozi na jasho lake lote, inashinda humo, inalala humo.

Ikawa asubuhi moja ya Novemba, ukungu umelala chini mpaka miti ya kinamasini huioni shina, unaona yale mandevu ya kijivu yanayoota matawini tu yananing'inia hewani. Mwanetu Dorsey akaja kwa miguu kutoka kwake, ana gunia la chenza begani. Mimi nilikuwa mlangoni nikimwaga maji. Nikasikia Ovide anasema kwa ile sauti yake ya kazi, ambayo sijaisikia tangu astaafu, "Simama hapohapo! Teremsha hiyo ngozi ya mamba!"

Dorsey akacheka. "Ngozi gani tena, baba? Ni mimi, Dorsey."

"Usinichezee. Dorsey yuko shule." Akachomoa bastola.

"Shule nimemaliza, baba, mpaka upara umeota."

"Ukipiga hatua moja tu nakulaza."

Naye Dorsey, kwa kuwa alizoea utani wa baba yake, na kwa kuwa aliamini mimi ni mwanamke mwenye akili na risasi nilishazitoa siku nyingi, akapiga hatua. Shangazi, nilikiona kidole cha mume wangu kikivuta. Nilikiona kikigeuka cheupe. Gurudumu likasogea nusu ukucha, likakwama. Akavuta tena, likakataa. Akaitazama ile bastola kama mtu anayemtazama mbwa wake mzee aliyemwita akamwona anageuka kwenda upande mwingine. Dorsey alikuwa ameshafika kwenye ngazi, akamwonyesha gunia, "Tazama, baba, chenza." Na Ovide akasema, "Zile za nyuma ya banda?" akaweka bastola kwenye ala, wakakaa wakala, wakarusha maganda mferejini, na mimi nikaenda jikoni nikawawekea kahawa.

Mchana alipolala kwenye kiti niliichukua. Ilinibidi nilisukume gurudumu kwa viganja viwili ndipo likafunguka, limejaa kutu nyekundu kama matope ya mtoni, na risasi zote zilikuwa ndani. Nilifanya nini? Nikalifunga. Nikairudisha. Anaujua uzito wake, shangazi, ningezitoa angejua papo hapo, na niliogopa macho yake kuliko nilivyoiogopa bastola.

Dorsey sijamwambia mpaka leo kwamba risasi zilikuwamo. Na sasa Ovide mwenyewe ameiona kutu. Kila siku anaiona kwa mara ya kwanza. Anakuja nayo jikoni kaiweka kwenye viganja, machozi yanamlengalenga, "Mama, nani kaiacha bastola yangu mvuani? Nisafishie, wewe una mikono mizuri." Mimi kusafisha najua, nimemtazama ujana wangu wote. Lakini kutu ile ndiyo iliyomwokoa mwanangu. Nikiiondoa nitakuwa nimeitengeneza iue. Nikiiacha, namwona mume wangu akilia kila siku juu ya kitu alichokitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Niambie, niiondoe au niiache?

Ni mimi,
Mke wa Askari Mstaafu, kando ya mfereji


JIBU LA SHANGAZI VERNA

Mama mwenzangu, barua yako niliisoma nimesimama, na sikusubiri Alhamisi. Nilikupigia simu saa ileile, kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, na haya ndiyo niliyokuambia. Nayachapa sasa, kwa ruhusa yako, kwa sababu najua kwenye mifereji hii kuna baraza nyingine zenye wazee kama Ovide, na wake waliosimama mlangoni kama wewe.

Kwanza nikugombeze, nimalize. Uliona kidole kikivuta. Ukafungua, ukaona risasi, ukafunga! Unaniambia kutu imemwokoa mwanao, kana kwamba kutu ina huruma. Haina. Imekataa mara mbili asubuhi moja ya ukungu, na kesho siku ikiwa kavu, au yeye akivuta kwa nguvu zaidi, itakubali. Umemweka mlinzi asiyejua anamlinda nani, na wajukuu wako wanapita palepale. Uliogopa macho ya mume wako. Ungeyaona ya mkwe wako, mke wa Dorsey, juu ya jeneza ndipo ungejua macho ya kuogopa.

Nimemaliza. Sasa futa uso, unisikilize.

Ulichoniuliza ni maswali mawili, na wewe umeyafunga kwenye kifurushi kimoja. Kutu ni swali la chuma. Risasi ni swali la Ovide. Risasi zinatoka leo, kabla hujapika. Subiri asinzie, toka nayo nje, elekeza mtutu kwenye tuta la udongo, kidole mbali na kifyatuo, ufungue uzitoe zote. Gurudumu likigoma, usiligonge na usilichokonoe kwa bisibisi, bastola iache hivyohivyo imeelekea udongoni, umwite fundi bunduki na umwambie waziwazi kwamba ina risasi na imekwama. Hizo risasi apewe Dorsey aende nazo kwake. Na Dorsey aambiwe kila kitu, leo hii, kwa kinywa chako. Mtu aliyepona ana haki ya kujua alipona nini.

Kuhusu uzito: fundi anazo risasi bandia, hazina baruti na mkononi ni nzito vilevile, na anaweza pia kuitoa ile pini inayopiga risasi. Afanye yote mawili. Lakini usije ukadhani hapo mambo yamekwisha ukamwacha aende nayo dukani kiunoni! Mzee anayemchomolea mtu bastola mbele ya watu, polisi hawatauliza kama ina pini. Ile haitoki tena nje ya nyumba.

Na usimwibie. Mume wako alikuwa askari, amewanyang'anya watu silaha kwa sababu nzuri, anaijua kazi hiyo kuliko sisi wote. Zitoe risasi kwanza, halafu mngojee asubuhi yake moja ya akili safi, bado zinakuja, umeniambia mwenyewe kwenye simu, umweleze yaliyotokea bila kuzungusha. Usimnyime nafasi ya kuamua kama mwanamume aliyekuwa.

Sasa kutu. Iondoe, mama, iondoe bila woga, bastola isiyo na risasi ni chuma tu, na chuma kile kinastahili heshima. Vua vile vipande vya mbao vya mpini, jasho hupenda kujificha chini yake. Paka mafuta ya bunduki kila penye wekundu, uache yalale humo mpaka kesho yake. Kisha chukua stilwaya laini kuliko zote, isiyo na sabuni, au ile ya shaba ukiipata, uiloweshe mafuta usugue kwa mkono mwepesi. Kutu itatoka kama tope la rangi ya chai. Pangusa, tia mafuta, rudia. Ukiona weusi unaanza kufifia, acha hapo. Palipotobolewa na kutu pamekwisha kutobolewa, ukivifuata vile vishimo utakwangua bastola nzima. Siki usiguse, wala dawa za kutoa kutu za magari, maana ule ubuluu nao ni aina ya kutu, kutu iliyofugwa, na dawa zile hazijui kuchagua, zitakuachia chuma cheupe kama kijiko.

Palipobaki uchi, paoshe kwa spiriti mpaka mafuta yaishe, upake dawa ya kurudishia weusi ambayo fundi atakuuzia, ufute, utie mafuta. Hapatafanana na pengine. Wewe na Ovide pia mna mabaka. Ndani ya gurudumu mwachie fundi.

Ikiwa safi, ipake nta kidogo kwa kitambaa, au mafuta membamba, kiasi cha kung'aa tu bila kulowa. Kila ikishikwa na mkono wa mtu ifutwe kabla ya kuwekwa, kwa sababu jasho la binadamu ni chumvi. Na ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kulazia. Ngozi inakunywa jasho halafu inalirudisha kwenye chuma. Itundike ala peke yake kivulini. Bastola ikae kwenye sanduku la kufunga kwa ufunguo, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, na ufunguo ukae shingoni mwako.

Jioni kabla ya chakula, ifungue, umpe. Wewe utie mafuta kwenye kitambaa, yeye afute. Kaa karibu naye. Akifuta goti, mwongoze mkono.

Wako, Verna


ALIVYONIANDIKIA BAADAYE

Shangazi, nimefanya. Dorsey nilimwambia kwenye gari lake, akaweka paji la uso kwenye usukani, halafu akaniuliza, "Mama, na wewe umekaa na hili peke yako muda wote huu?" Nililia, na hapo ndipo nikajua nilikuwa sijalia.

Ovide nilimwambia asubuhi aliyoamka akaniita kwa jina langu. Aliniuliza swali moja tu. "Nilimlenga?"

"Ulimlenga, mzee."

"Nikavuta?"

"Ukavuta. Mara mbili."

Aliisukuma kahawa kando. Kisha akafungua mkanda wake mwenyewe, kwa vidole vyake mwenyewe, akaniwekea mezani kila kitu, ala na yote, akasema, "Silaha ya askari asiyeweza kumtambua mtu huchukuliwa. Chukua. Nikikuomba tena niivae, usinipe." Nikamwambia risasi nilishazitoa. Akasema, "Zote?" Nikasema zote. Akasema, "Na zibaki nje."

Fundi alifanya ya kwake, kutu imetoka, imebakiza mabaka kando ya mtutu. Jioni tunaifuta pamoja, mimi namtilia mafuta, na juzi alinigombeza, "Kidogo, mama, kidogo! Hukaangi samaki!" Nilicheka mpaka akacheka na yeye, ingawa sidhani alijua tunacheka nini.

Ile asubuhi ya mezani ameshaisahau. Karibu kila jioni anaigeuza mkononi, anasikiliza kitu ambacho mimi sikisikii, ananiuliza, "Ina risasi hii?"

"Haina, mzee."

"Nani aliamuru zisirudi?"

"Wewe mwenyewe."

Anatazama majini.

"Basi nilifanya vizuri," anasema.